Meza ya Mefiboshethi: Furaha ya Kila Siku ya Kulea Mtoto Mwenye Ulemavu

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, Yohana 9:1-23, Kutoka 4:10-16, Warumi 12:15

Wazo kuu: Mungu hangoji mtoto apone ndipo amkaribishe mezani. Mtoto huyo ana nafasi leo, wazazi wake wana furaha leo, na kanisa lina kazi ya kuilinda furaha hiyo.



Kama nyumbani kwako hakuna mtoto mwenye ulemavu, tafadhali usifungue ukurasa mwingine. Somo hili ni lako pia, pengine kuliko mtu yeyote. Wazazi wa watoto hawa tayari wanajua mengi ya haya nitakayoandika. Ni sisi wengine tunaohitaji kufundishwa.

Tazama jinsi tunavyowataja watoto hawa kanisani. Mara nyingi ni wakati wa maombi ya wagonjwa, au siku ya kugawa unga na blanketi. Yaani wanatajwa kwa huruma, ama kwa kungojea muujiza. Hayo mawili si mabaya. Lakini ukitembelea nyumba zao, kuna jambo la tatu ambalo hatulisemi kamwe kwenye mimbari: watu hao hucheka. Kuna utani, kuna siku za kuzaliwa, kuna mtoto anayependa wimbo mmoja na anataka urudiwe mara ishirini. Kuna furaha. Na mara nyingi wazazi wanaificha furaha hiyo wakija ibadani, kwa sababu wanaona sisi tunawatarajia waje na huzuni.

Wacha tuone Neno linasema nini.

1. Swali la wanafunzi bado liko kanisani

Katika Yohana 9, Yesu na wanafunzi wake wanapita karibu na mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi hawamsalimii. Hawamuulizi jina. Wanamgeukia Bwana na swali la lawama: kati ya huyu na wazazi wake, ni nani aliyekosa hata azaliwe hivi?

Swali hilo halijazeeka. Leo linavaa nguo nyingine. "Kwenu kuna laana ya ukoo?" "Ulikula nini ukiwa na mimba?" "Huyo baba labda alikanyaga kiapo cha mtu." Akina mama wengi wameulizwa hivyo na shangazi, na jirani, na kusema ukweli, hata na watu wa maombi.

Yesu alikataa pande zote mbili za swali hilo. Hakumlaumu yule mtu, na hakuwalaumu wazazi wake. Sasa angalia jambo ambalo tunalipita haraka: alisema hayo wakati yule mtu bado haoni. Tope lilikuwa halijapakwa machoni, na safari ya kwenda Siloamu ilikuwa bado. Aliondolewa lawama kwanza, akiwa kipofu vilevile. Hakuhitaji kupona ili atangazwe hana hatia.

Na madaktari wametusaidia kuelewa mengi siku hizi. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo wa mtoto kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kwa mfano mtoto akikosa hewa wakati wa uzazi mgumu, akipata manjano kali isiyotibiwa, au homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye Down syndrome ana kromosomu 47 badala ya 46, na jambo hilo kwa kawaida huanza wakati ule ule mimba inapotungwa. Mgongo wazi hutokea katika siku 28 za kwanza za mimba, wakati mama wengi hata hawajui kama wana mimba. Mama, hukufanya kitu. Ukitembea na mzigo huo wa lawama, utue leo.

Endelea kusoma mpaka mstari wa 23. Wazazi wa yule mtu wanaitwa mbele ya viongozi wa dini na kuhojiwa. Kijana wao ameona kwa mara ya kwanza maishani! Hiyo ilikuwa siku ya kupika na kuita majirani. Lakini wazazi wanajibu kwa uoga, maneno machache, wanamsukumia kijana ajisemee. Kwa nini? Waliogopa kufukuzwa katika sinagogi. Furaha kubwa kuliko zote za nyumba yao ilizimwa na watu wa ibada.

Ndugu zangu, hapo ndipo pananitisha. Kanisa linaweza kuwa mahali ambapo mzazi anaogopa kufurahi.

2. Mefiboshethi aliketi mezani na miguu yake ile ile

Mefiboshethi alikuwa mtoto wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na miaka 5 habari za kifo cha baba yake na babu yake zilipofika. Yaya wake akamchukua akimbie naye, na katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Ilikuwa ajali, tena ya mtu aliyekuwa akijaribu kumwokoa.

Miaka ikapita. Akaishi Lodebari, katika nyumba ya mtu mwingine, mbali na macho ya watu. Daudi alipouliza kama kuna mtu amebaki wa nyumba ya Sauli ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani, Siba alimtaja kwa ulemavu wake. Hakutaja jina. Daudi alipokutana naye alimwita kwa jina lake. Akamwambia asiogope, akamrudishia mashamba ya babu yake, na akampa nafasi ya kula katika meza ya mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme.

Mefiboshethi mwenyewe alikuwa amejiona bure kabisa, akajilinganisha na mbwa aliyekufa. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa akifichwa miaka mingi.

Sasa mstari wa mwisho wa sura hiyo, wa 13. Mwandishi anatuambia mambo mawili pamoja: alikula mezani pa mfalme daima, na miguu yake yote miwili ilikuwa imelemaa. Anaweka hayo mawili katika sentensi moja na anafunga sura. Hatuambiwi miguu ilipona. Meza haikungoja miguu.

Najua kuna mtu anauliza, "Pasta, kwa hiyo tuache kuombea uponyaji?" Hapana. Sisi ni kanisa linaloamini Yesu anaponya, na tutaendelea kuomba. Tunachokataa ni kuyasimamisha maisha ya mtoto mpaka jibu tulilolitaka lifike. Mtoto wa miaka 8 ambaye kila Jumapili anabebwa mbele kuombewa, na hajawahi hata mara moja kupewa nafasi ya kuimba na wenzake wa Shule ya Jumapili, anajifunza kitu kuhusu Mungu. Anajifunza kwamba Mungu atampenda akisha kutengenezwa. Hilo si Injili.

Jamani, mtoto si deni ambalo Mungu hajamaliza kulipa. Ni zawadi ambayo tayari imefika.

Na neno moja la tahadhari hapa. Mtoto wako akiombewa, usimwachishe dawa za kifafa. Dawa hizo zikikatwa ghafla, mtoto anaweza kupata degedege kali na hata kufa. Kama Bwana amemponya, daktari atapima, ataona, na yeye ndiye atakayezipunguza pole pole. Ushuhuda hautapotea kwa kupitia hospitali.

3. Musa aliongezewa mtu

Katika Kutoka 4, Musa anamwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, hawezi kuzungumza vizuri. Mungu anamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyekiumba kinywa cha mwanadamu, na kwamba anayesikia na asiyesikia, anayeona na asiyeona, wote wako mikononi mwake. Musa akiendelea kukataa, Mungu anampa Haruni. Haisemwi popote katika sura hiyo kwamba ulimi ulifunguliwa. Alipewa ndugu wa kusimama karibu naye, na kwa njia hiyo kazi ikafanyika.

Wakati mwingine jibu la maombi lina miguu na linapanda matatu. Ni fizio anayekufundisha jinsi ya kumkalisha mtoto wako. Ni mwalimu anayejua Lugha ya Ishara. Ni jirani anayekubali kukaa na mtoto uende sokoni.

Watu wa Mungu katika nchi hii wamelielewa jambo hili kwa muda mrefu. Jeshi la Wokovu walianzisha shule ya watoto wasioona kule Thika mwaka 1946. Mji huo huo wana shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na waliiita Joytown, mji wa furaha. Kule Kijabe kuna hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998 na huduma ya Kikristo, inayowafanyia upasuaji watoto wenye ulemavu wa viungo. Watoto wengi waliozaliwa na miguu iliyopinda hurekebishwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, wakianza mapema. Kichwa maji nacho hakingoji. Mtoto akiwahishwa kwa daktari wa upasuaji, ubongo wake unaweza kuokolewa. Kwa hiyo ombea, na upeleke. Hizo ni kazi mbili za imani moja.

Pia, wazazi, msiogope ofisi za serikali. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na ya kupata elimu na vifaa anavyohitaji. Fikeni kwenye kituo cha tathmini ya elimu ili mtoto apimwe na kuelekezwa shule inayomfaa. Mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu apate kadi yake, maana kadi hiyo ndiyo mlango wa kuombea misaada kama kiti cha magurudumu. Kumwandikisha mtoto si kukosa imani. Ni kumtambulisha kwa nchi yake kwamba yupo.

4. Andika upande wote wa daftari

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na somo la kwanza la hesabu ni hili: daftari lina pande mbili. Mama mboga akiandika tu sukuma zilizonyauka na asiandike zilizouzwa, atafunga kibanda akidhani anapata hasara, na kumbe biashara inaendelea.

Upande mmoja wa daftari la familia hizi tunaujua, na hatutaufuta. Nepi za mtoto wa miaka 9 ni ghali. Mgongo wa mama anayembeba kijana mkubwa kupanda ngazi unauma kweli. Kuna usiku wa kutolala. Kuna akina baba waliotoroka. Zaburi zimejaa watu waliomlilia Mungu bila kupaka maneno sukari, na mzazi anayelia hajakosa imani. Lia, mama. Lia, baba.

Lakini kuna upande wa pili, na nimeuona kwa macho yangu nikitembelea washirika.

Kuna baba mmoja, fundi wa jua kali. Binti yake hatembei na hazungumzi maneno. Lakini anajua mlio wa lango likifunguliwa na baba yake, akautofautisha na mtu mwingine yeyote wa ploti nzima. Akisikia lango, anapiga kelele ya furaha mpaka majirani wanacheka. Yule baba aliniambia, "Pasta, hakuna mtu mwingine dunia hii anayenipokea hivyo. Hata siku nimekosa kazi, huyu haangalii mfuko wa unga. Ananiangalia mimi." Nikafikiri, huyu mtoto anahubiri neema vizuri kuliko wengi wetu.

Kuna nyanya anayelea mjukuu mwenye Down syndrome. Huyo kijana amejichagulia kazi mlangoni: kila Jumapili anasalimia watu kwa mkono, na hakuna anayerukwa. Mzee wa kanisa na mtoto wa chekechea wanapata salamu ile ile, urefu ule ule. Mgeni akifika mara ya kwanza, huyo ndiye wa kwanza kumfanya aone yuko kwao.

Na kuna mama ambaye kijana wake ana mtindio wa ubongo. Kwa muda wa miaka miwili amemfunza kushika kijiko. Asubuhi moja kijana akashika, akakiinua, na uji ukafika mdomoni. Nusu ulimwagika kwenye shati, lakini nusu ulifika! Mama akapiga picha akaituma kwenye kundi la chama chao. Kimya. Baadaye mtu mmoja akauliza, "Hii picha ni ya nini?"

Wapendwa, hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu kusoma picha ile. Waliona shati chafu. Mama aliona miaka miwili ya kazi, machozi na maombi, yote yamejibiwa ndani ya kijiko kimoja.

Katika Warumi 12:15 Paulo anatuagiza mambo mawili: kushiriki furaha ya walio na furaha, na kushiriki machozi ya walio na machozi. Sehemu ya machozi tumejitahidi. Sehemu ya furaha ndiyo inatushinda, kwa sababu huwezi kushangilia ushindi ambao huuelewi. Ili kuelewa kijiko, lazima uwe umekaa karibu na ile meza.

5. Tufanye nini?

Haya ni mambo ambayo kila mshirika anaweza kuanza Jumapili hii.

Msalimie mtoto kwanza, kwa jina lake. Usimuulize mama, "Huyu anaendeleaje?" mtoto akiwa hapo hapo anasikia. Hata kama hatajibu kwa maneno, zungumza naye.

Uliza kabla ya kuombea. Usimwekee mtoto mikono kichwani, wala kumvuta mbele ya madhabahu, bila ruhusa ya mzazi, na ya mtoto mwenyewe kama anaweza kuonyesha. Watoto wengine kuguswa ghafla kunawatisha.

Wahudumu wa mlangoni, wekeni viti vichache mbali na spika. Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa na sauti ambayo wewe unaiona ya kawaida. Akitoka nje na kurudi mara tano, mwacheni. Akipiga kelele wakati wa mahubiri, msigeuke kumtazama. Mhubiri atasema tena.

Mpe mzazi saa moja. Usiseme tu, "Nikikuweza kukusaidia niambie." Sema, "Jumamosi saa tisa nitakuja nikae naye, wewe ulale." Jifunze kwanza jinsi anavyolishwa na anavyobebwa, halafu uende.

Mpe mtoto kazi. Anaweza kugawa jarida hili mlangoni, kushika kikapu cha sadaka, kupiga kayamba. Mefiboshethi hakulishwa jikoni. Alikaa na wana wa mfalme.

Walimu wa Shule ya Jumapili, jifunzeni ishara chache za Lugha ya Ishara ya Kenya, angalau salamu, asante, na jina la Yesu. Mtoto asiyesikia akiona mwalimu anajaribu, atajua amefika nyumbani.

Na tuuliza swali jipya. Badala ya "Mtoto amepata nafuu?" jaribu, "Wiki hii amekuchekesha na nini?" Halafu nyamaza usikilize.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika Yohana 9, ni nani walioonekana kumjali yule mtu, na ni nani waliomjali kama mada tu? Sisi tuko upande gani?
2. Kwa nini wazazi wake waliogopa kufurahi hadharani? Ni nini katika kanisa letu kinachoweza kuwafanya wazazi waogope hivyo?
3. Mefiboshethi alikaa mezani akiwa bado na ulemavu. Hilo linabadilisha vipi namna tunavyoombea uponyaji?
4. Kwa wazazi, kama uko huru kusema: taja furaha moja ndogo ya mwezi huu ambayo hakuna mtu aliyekuuliza.

Zoezi la wiki

Wazazi, chukueni daftari la kawaida la kurasa 32. Kila jioni andika jambo moja tu ambalo mtoto wako amefanya au amekupa siku hiyo. Likiwa dogo, andika. Siku ikiwa ngumu na huoni kitu, andika tarehe na uache nafasi. Mungu anaona hata ukurasa mtupu. Washirika wengine, chagueni familia moja, mwende kuwatembelea, na muombe mwonyeshwe daftari hilo.

Maombi

Baba, asante kwa kila mtoto uliyemleta katika nyumba hii yako. Unamjua kila mmoja kwa jina, na hukukosea ulipomuumba. Wape wazazi nguvu za mgongo na za moyo. Waondolee lawama ambazo hukuwahi kuwawekea. Tunaomba uponyaji, maana wewe ni mponyaji. Na tukingoja, tupe macho ya kuona zawadi iliyo mbele yetu. Tusamehe pale tulipowafanya waogope kucheka. Tufundishe kukaa karibu na ile meza, mpaka tukiona kijiko kimefika mdomoni, kanisa zima lipige vigelegele. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.